Bawabu Aliyefungua Bila Kuuliza

Benchi letu liko mbele ya baa ya Iole, pale Quadraro, Roma, upande wa pili wa ukuta wa studio ya sinema. Ukiliona utasema ni la marumaru. Si marumaru, ni plastiki iliyopakwa rangi, na zamani maseneta walilikalia katika picha moja ya Kirumi kabla shemeji wa mtu, sitamtaja, hajalibeba mpaka hapa kwa bega moja. Ni jepesi kama sinia, kwa hiyo lina adabu zake: aliyekaa mwisho akitaka kusimama lazima aseme "naamka", wenzake wakanyage chini, la sivyo linabinuka na kahawa zote zinakwenda. Mtaani kwetu hakuna nyumba ambayo haijala mkate wa studio. Sisi ndio tuliokuwa jeshi, umati, watumwa, watu wa kutupiwa simba. Wajaza picha. Mimi sikujaza picha, mimi nilishona. Jina langu Argia, ila wananiita Sindano, na wanaosema ni kwa sababu ya ulimi hawajakosea sana. Ungedhani watu kama sisi, tunaojua kwamba damu ni sharubati na ngome ni mbao, runinga haiwezi kutuchezea. Basi sikiliza tulivyokuwa Jumanne asubuhi, baada ya Seneta Lurkone kuuawa.

Tamthilia inaitwa Nyumba ya Lurkone. Lurkone ni mzee mwema, anagawa ngano kwa maskini, na mtaa ulimpenda kama mjomba. Jumatatu maadui zake walikuja na mvua, wakagonga geti mara moja, na bawabu akalifungua. Hakuuliza nani. Alifungua, akasogea pembeni, akaitazama kamera, na Lurkone akachinjwa ukumbini mbele ya mkewe Vibia. Sasa huyo bawabu ni Elvio, Sor Elvio wetu (Sor kwetu ni Bwana, Sora ni Bibi), anayekaa mwisho wa benchi. Miaka yote ya kujaza picha kamera haikumwona ila kwa nyuma, ndiyo maana tukamwita Mgongo. Safari hii ilimwona uso, na mtaa mzima ukauona, na mtaa ukakasirika.

Mwuza mboga alimfungia maua ya maboga yaliyonyauka. Kinyozi alimwambia ana watu, na kiti kilikuwa kitupu. Iole, ambaye huleta kahawa mpaka benchini pamoja na bilauri ya maji, ya Mgongo aliiacha kaunta, bila maji, akamwacha aifuate mwenyewe. Hayo yote angeyameza. Kubwa lilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo Bikira wa Mfereji, sanamu ya Maria wa mtaa wetu, anatoka kanisani, anazungushwa mtaa mzima juu ya mabega ya wanaume wanane, na bega la mbele kushoto ni la Mgongo, kama lilivyokuwa la baba yake. Anayepanga wabebaji ni Primo, ambaye tunamwita Jenerali, kwa sababu aliwahi kuvaa kofia ya jemadari katika picha moja na mpaka leo hajaivua kichwani. Na Jenerali, kabla sukari haijayeyuka, alikuwa amesema kwamba msaliti hatambeba Bikira.

Mgongo alikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

JENERALI: Mimi sina ugomvi na Elvio. Tumekua pamoja, tumepigwa viboko na mwalimu mmoja. Ila watu watasema nini? Bikira anatoka mlangoni, na mbele yake uso uleule uliomtoa Lurkone kwa wauaji. Wazee wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Haya, mwenyeji kapona?

KIFO: Hakupona. Nilimchoma mwenyewe.

Kifo ni Nello. Amekufa katika picha nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Amekanyagwa na tembo, amezama na merikebu, amesulubiwa mara mbili katika mwezi mmoja. Nyumba ya Lurkone ndiyo kazi yake ya kwanza upande wa wanaoua, na alikuwa anatembea kifua mbele, ingawa kifua chenyewe ni kibovu na hukohoa hata akicheka.

MIMI: Kwa hiyo wewe uliyemchoma unabeba Bikira, na aliyefungua geti habebi?

JENERALI: Kuua ilikuwa kazi, Sora Argia. Sisi tulitumwa. Bawabu alitumwa na nani?

Hapo usisahau jambo moja. Wale wauaji wa Jumatatu ni walewale wabebaji wa Bikira. Studio ilitaka wanaume wanaoweza kubeba gogo zito la kuvunjia geti na kutembea hatua moja, ikawachukua wote kwa mkupuo, Jenerali mbele na mwenge. Mgongo peke yake aliwekwa ndani ya geti, kwa sababu mtu wa studio alipenda anavyosimama.

MPAKO: Mimi kinachoniuma ni geti langu.

Huyo ni Ottavio, fundi wa plasta na mbao, aliyeijenga nyumba ya Lurkone kuanzia msingi mpaka vigae.

MPAKO: Lile geti nililitengeneza livunjike. Nimekata mbao kwa ndani, nimeziba kwa nta, ligongwe mara tatu liende vipande. Wiki nzima nimepiga magoti. Halafu mtu analifungua kama mlango wa bafu.

JENERALI: Mwongozaji alibadili mawazo.

MPAKO: Angeniambia.

JENERALI: Wewe nani aje akwambie? Wa nje waliambiwa lao, wa ndani waliambiwa lao. Mjaza picha haulizi, na fundi haulizi.

MPAKO: Mimi ningeuliza.

JENERALI: Ndiyo maana hawakukwambia. Sasa tuache mbao, tuzungumze mtu. Kwa nini alifungua? Mimi nasema dhahabu. Mtazameni tumboni, ndani ya vazi. Kuna mfuko umetuna.

MIMI: Ule ni mkate wa mayai wa Zelinda, mkewe. Vazi lile nimelishona mimi, na mfuko wa ndani nimeutia mimi, maana nilijua hawezi kukaa na njaa mpaka jioni.

JENERALI: Unajua ulichoshona. Hujui alichoweka.

Nilimtazama Mgongo aseme kitu. Alikuwa anatazama njiwa.

MPAKO: Dhahabu ya nini kwa mtumwa? Ataificha wapi? Mimi nasema ni mapenzi. Sehemu ya tatu, Vibia anapita na taa, bawabu anageuza kichwa. Kidogo tu. Sehemu ya tano anageuza tena. Haba na haba hujaza kibaba. Mpaka sehemu ya nane mtu ameshamtaka mke wa tajiri yake, na mume amekuwa kizuizi.

MIMI: Nyuma ya kamera alikuwa anapita yule mama wa kahawa. Mligeuka wote siku ile, hata Lurkone aligeuka, wakarudia.

MPAKO: Mimi nazungumzia kilichoonekana.

KIFO: Ninyi mnaona vichwa vinageuka, pua hamuoni. Pua ya bawabu na pua ya Lurkone ni moja. Wale ni pacha. Mkunga alimpeleka mmoja chumbani, mmoja zizini. Bawabu kajua siku hiyohiyo, mvua inanyesha, akasema basi, na wewe ukalale zizini.

MIMI: Nello, yule mwigizaji anatoka Milano. Pua ya Elvio ni ya mama yake, aliyekuwa anauza samaki pale sokoni, Mungu amrehemu.

KIFO: Na nani anajua mama yake aliwahi kwenda Milano au hakwenda?

Mgongo aliinua uso. Kifo akakohoa, akasema samahani Sor Elvio, mzaha tu. Mgongo akarudi kwa njiwa wake. Ndivyo alivyo. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeuondoa.

JENERALI: Pua ni upuuzi. Mimi usiku nimefikiri sana, sikulala. Yule ni mjasusi wa Karthago.

MPAKO: Karthago ilikuwa imeshateketezwa zamani.

JENERALI: Ndiyo hao hatari. Mtu ambaye mji wake haupo, utamkamata wapi? Utampeleka kwa balozi gani? Anakuja kwako amenyamaza, anasimama mlangoni miaka, wewe unasema, mtumishi mzuri huyu, hana maneno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilimshuku tangu sehemu ya kwanza.

MIMI: Sehemu ya kwanza ulimpigia simu kumpongeza.

JENERALI: Nilikuwa nampima.

Na mimi nisijitoe. Nilikuwa na yangu, na nilikuwa nimeishikilia kwa meno tangu usiku.

MIMI: Mnamlilia Lurkone, Lurkone mwema, Lurkone wa ngano. Mtu mwema gani anaweka bawabu wa mnyororo mguuni? Mmeuona ule mnyororo? Na yule mtoto aliyeuzwa sokoni sehemu ya pili, mmesahau? Alikuwa mtoto wa nani? Mimi ningefungua geti, na ningewashikia taa.

JENERALI: Mnyororo ule ni mapambo tu.

MIMI: Mapambo yako? Mimi ndiye niliyeuwekea kitambaa ndani usimchubue.

JENERALI: Lurkone alikuwa atamwacha huru sikukuu ijayo. Ilijulikana.

MIMI: Ilijulikana na nani? Na bawabu?

Iole alikuwa ametoka kukusanya vikombe. Aliweka mkono kiunoni, akasema ametusikiliza tangu asubuhi na sote hatuna akili.

IOLE: Yule hayupo. Amekufa tangu zamani. Ni mzimu.

KIFO: Iole, usinitishe, mimi mgonjwa.

IOLE: Nitajieni mtu mmoja aliyemsalimia. Sehemu nane. Vibia anapita, hamwangalii. Lurkone anaingia, anatoka, anampa joho bila kumtazama. Watoto wanacheza miguuni pake kana kwamba ni nguzo. Hata mbwa hamnusi. Mtu aliye hai hawezi kupitwa hivyo kila siku na asiseme neno. Yule alishakufa, akabaki amesimama.

Kila mmoja akatazama kikombe chake, kwa sababu ilikuwa kweli hakuna aliyemsalimia. Halafu Jenerali, ambaye kimya kinamwasha kama upupu, akapiga goti lake.

JENERALI: Hai au mfu, kuna adabu ya mlango. Mtu akigonga, unauliza nani. Mtoto mdogo anajua. Bibi kizee kipofu anajua. Neno moja tu: nani? Angeuliza, Lurkone angepata muda wa kutoka nyuma, na mimi leo nisingekuwa na haya yote. Hakuuliza. Hilo ndilo siwezi kulisamehe.

KIFO: Angeuliza vipi, Primo? Mjaza picha hasemi. Akitamka neno moja inabidi wamlipe kama mwigizaji, na akishawaingiza gharama hawamwiti tena mpaka kaburini.

JENERALI: Angeuliza kwa macho.

MPAKO: Geti limefungwa. Macho yapite wapi?

JENERALI: Basi angekohoa.

Mgongo aliweka kikombe chini, taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nilidhani atazungumza. Wakati huohuo Padri Fermo akafika na baiskeli yake.

Padri Fermo ni mgeni kwetu. Ameletwa kutoka milimani kaskazini baada ya padri wetu mzee kupumzishwa, hana runinga, na bado anatusalimia mmoja mmoja kwa majina kamili kama karani wa mahakama. Alikuja kuulizia Jumapili, kama wabebaji wamekamilika. Jenerali akamwambia kuna tatizo dogo la heshima. Tukamweleza, wote kwa pamoja, dhahabu juu ya mapenzi, pacha juu ya Karthago, mnyororo wangu, mzimu wa Iole. Alisikiliza ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, anamgeukia kila anayepaza sauti.

PADRI: Na huyo aliyefungua ni nani hasa?

JENERALI: Si huyu hapa.

PADRI: Sor Elvio?

JENERALI: Ndiye.

PADRI: Mmemwuliza kwa nini alifungua?

Jenerali alimtazama Mpako, Mpako akamtazama Kifo. Iole akawa anafuta meza iliyokuwa safi. Tangu asubuhi tulikuwa tumemkalia mtu huyu ubavuni, bega kwa bega, benchi moja, na kumtafutia sababu mpaka Karthago. Niliona aibu, kisha nikaona hasira kwa kuona aibu, kama ninavyokuwa siku zote.

PADRI: Sor Elvio, kwa nini ulifungua?

MGONGO: Nilimsikia Nello anakohoa.

Sauti yake ilikuwa imekwaruza, ya mtu ambaye hajaitumia tangu jana.

MGONGO: Ilikuwa Januari. Mlikuwa nje na vishuka vile, miguu mitupu, na ile mashine ya mvua inawamwagia. Mwongozaji alikuwa anabishana na mtu wa taa. Mimi nilikuwa ndani, pakavu. Ubao ni mwembamba, nasikia kila kitu. Nikamsikia Nello, kikohozi kile cha chini. Nikasema moyoni, watagonga mara tatu, geti likikataa kuvunjika watarudia, na wakirudia watalowa upya.

MPAKO: Geti langu halikatai.

MGONGO: La mwaka juzi lilikataa siku nzima, Ottavio.

Mpako akakwangua plasta iliyoganda kidoleni.

MGONGO: Mlipogonga ya kwanza, nikafungua.

MPAKO: Kwa hiyo mwongozaji hakubadili mawazo.

MGONGO: Nilibadili mimi. Nilijua atanifukuza. Akaja mbio, akanishika kidevu, akanitazama. Akasema hii ni nzuri kuliko ile yake. Akasema turudie, ila nifungue polepole, halafu niangalie kamera.

MIMI: Mkarudia.

MGONGO: Tukarudia.

MIMI: Kwa hiyo walilowa mara ya pili.

MGONGO: Ndiyo. Ndiyo hiyo mliyoiona. Nisamehe, Nello. Nilitaka muingie ndani haraka.

Kifo alikuwa ameshika kifua kwa kiganja. Baada ya kazi ile alilazwa Februari nzima, na sote tulikwenda kumwona na machungwa, na aliyelala kwenye kiti cha hospitali usiku wa kwanza, nilikumbuka sasa, alikuwa Mgongo. Mtu aliyekufa mara zote zile kwa vilio vya kila aina hakupata neno moja la mtu hai.

PADRI: Basi nadhani Jumapili haina tatizo tena.

Sisi wengine tulishusha pumzi. Kumbe hatukumjua Jenerali, na tumekaa naye miaka. Aligeuza kikombe chake kitupu, akakigeuza tena.

JENERALI: Padri, mimi nimeguswa. Haki ya Mungu nimeguswa. Elvio ni mtu wa huruma, sikatai. Lakini mtaa haukuwa ndani ya geti. Mtaa umeona uso. Huwezi kupita nyumba kwa nyumba kueleza habari ya kikohozi.

PADRI: Bikira haangalii runinga, Sor Primo.

JENERALI: Bikira ni wa kanisa, hilo ni lako. Nguzo za kumbebea ni zetu, tangu babu zetu. Padri mzee alijua.

MIMI: Na bega la mbele kushoto atalichukua nani?

JENERALI: Yupo Ivano.

Ivano ni mume wa binti yake. Anauza vifuniko vya simu, ana bega kama hanga la nguo, na amekuwa akiitaka nafasi ya mbele tangu alipooa, kwa sababu mbele ndiko wanakopiga picha. Tangu asubuhi tulikuwa tunachimba moyo wa mtumwa wa kwenye runinga tujue alitaka nini, na moyo wa Primo ulikuwa umekaa mezani pamoja na sukari. Kila mtu aliuona. Mpako alitazama viatu vyake. Kifo akatazama barabara. Na mimi, Sindano, mwenye ulimi, nikanyamaza, kwa sababu mwanangu anasubiri kibarua ambacho Primo ndiye atakayemtaja. Mpaka leo linaniudhi.

JENERALI: Elvio hatumtupi. Sanamu ikirudi, mlango wa kanisa hufungwa, sisi tunagonga, na wa ndani anafungua. Mlinzi wa kanisa anaumwa nyonga. Elvio akae mlangoni. Mlango anauweza.

Mtu alicheka. Hakuwa Kifo, na hakuwa Padri. Sikuangalia alikuwa nani.

Mgongo alimaliza kahawa yake, ya baridi, isiyo na sukari, bila maji. Halafu akasema neno lake la kila siku.

MGONGO: Naamka.

Hata siku ile alisema. Angeweza kusimama tu, tukabinuka sote na vikombe vyetu katikati ya barabara, na haki yake ingekuwa. Tukakanyaga chini, benchi likatulia, akaenda zake akiwa na maua yake ya maboga kwenye karatasi. Tukamwona kwa nyuma, kama tulivyozoea.

Jumapili ilinyesha. Si mvua ya mashine, ile ya Mungu, ya mwezi wa Mei, inayokuja imenyooka na haina mwongozaji wa kuisimamisha. Tulikuwa tumemfunika Bikira nailoni, na mishumaa ilikuwa imezimika tangu kona ya kwanza. Ivano hakujua hatua. Wenzake wakiweka kulia yeye anaweka kushoto, na Bikira akawa anayumba kama bibi aliyetoka harusini. Alipofika mbele ya kinyozi alisema bega linamuuma. Mbele ya mwuza mboga aliomba wabadilishane upande, na hakuna aliyemjibu. Kutoka mwisho wa mtaa mpaka ngazi za kanisa wanaume wale walipanda na uzito umelala wote upande mmoja, na mimi nyuma yao nikiimba kwa hasira, watu wakadhani ni ibada.

Tukafika. Mlango ulikuwa umefungwa, kama desturi. Maji yalikuwa yanashuka kutoka kwenye vigae moja kwa moja shingoni mwa wabebaji. Jenerali akachukua fimbo yake ya shaba, akagonga mara tatu, akarudi nyuma kusubiri, kifua mbele.

Mlango haukufunguka.

Akagonga tena. Ndani tukasikia viatu vikisogea juu ya mawe, vikasimama karibu kabisa, upande wa pili wa ubao. Kisha ikaja sauti ambayo katika picha zote zile, miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Haikuwa na hasira. Ilikuwa inauliza tu, kwa adabu, kama mtoto mdogo anavyojua, kama bibi kizee kipofu anavyojua.

— Nani?

Jenerali alimtazama Padri. Padri alikuwa anafuta miwani kwa kanzu iliyolowa na hakumtazama.

— Ni sisi, Elvio, akasema Jenerali. Fungua, Bikira analowa.

— Ninyi kina nani?

Hilo nalo lilikuwa swali jepesi. Wauaji wa Lurkone walikuwa wamesimama chini ya Bikira na nguzo mabegani, maji yanawaingia machoni, na nyuma yao mwuza mboga, na kinyozi, na Iole na mwavuli wake, na mimi. Mtaa mzima ulikuwa hapo. Nilingoja mmoja aseme ni sisi rafiki zako, au ni sisi jirani zako, na niliona midomo miwili mitatu ikifunguka na kujifunga. Wangu ulikuwa mmojawapo. Mvua ikaendelea.

Ndipo Nello, kule nyuma, chini ya nguzo ya kulia, akashikwa na kifua. Alijaribu kukizuia, nikaona mabega yake yakitikisika, kisha kikamshinda, kile cha chini, kirefu.

Ndani, komeo likasogea.